Kwa nini jodari waliowekewa alama katika maji yetu walirudishwa na wageni, na sisi tukarudisha wachache mno?

#1 Mchuuzi wa Feri
Salaam kwenu nyote. Ninauza samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam, na jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipokwenda Kilwa kumwona mjomba wangu. Aliniambia kwamba mwaka 2006 alivua jodari akiwa na nyuzi mbili za plastiki za manjano zilizochomekwa mgongoni, karibu na pezi la pili, na wenzake katika mashua wakamshauri azitupe baharini kwa sababu hakuna aliyejua zilikotoka. Baadaye nilisoma kwamba kati ya 2005 na 2007 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi iliwawekea alama jodari zaidi ya 168,000, wengi wao katika bahari ya Tanzania, na kwamba alama zaidi ya 25,000 zilirudishwa, sehemu kubwa kabisa kupitia Ushelisheli na meli kubwa za kigeni. Ninauliza kwa nia njema: samaki waliachiwa mbele ya mlango wetu, sasa ilikuwaje sisi wenye mlango tukarudisha alama chache kiasi kile? Je, wavuvi wetu walizificha, au samaki hawakubaki kwetu?

#2 Mwana wa Songosongo
Ahsante kwa uzi. Mimi sioni fumbo hapo. Meli zile za kuwekea alama zilikuwa zikiwaachia samaki katika maji ya kina kirefu, nje kabisa ya miamba, na mvuvi wa ngalawa au wa mashua ya mshipi hafiki huko isipokuwa siku chache za matlai, bahari inapotulia. Jodari tunayemvua sisi ni yule anayesogea karibu akifuata dagaa na samaki wengine wadogo. Kwa hiyo usiwalaumu wavuvi kabla hujapima umbali.

#3 Hesabu za Pwani
Ninaanza na sahihisho dogo kwa namba 1. Mradi ule ulitekelezwa chini ya Kamisheni ya Bahari ya Hindi, ambayo ni chombo cha nchi za visiwa chenye makao yake Mauritius, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kamisheni ya Jodari, ambayo makao yake ni Victoria, Ushelisheli, ndiyo iliyosimamia upande wa kitaalamu. Majina yanafanana na watu wengi huyachanganya.

Sasa kuhusu swali lenyewe, nadhani kwanza tuelewane alama ni za nini, maana wengi wetu tunafikiri mtafiti anataka tu kujua samaki ameenda wapi. Hesabu yake ya msingi ni hii. Chukua bwawa ambalo hujui lina samaki wangapi. Wavue samaki 200, watie alama, warudishe majini, wape muda wachanganyike na wenzao. Kisha vua tena samaki 150, na tuseme kati yao unakuta 10 wenye alama. Ikiwa 10 kati ya 150 wana alama, basi wale 200 wako katika uwiano huohuo na bwawa zima, na bwawa lina samaki wapatao 3,000. Mtaalamu wa Denmark, C. G. Johannes Petersen, alifanya kazi ya namna hii mwishoni mwa karne ya 19 kwa samaki bapa, jamii ya gayogayo wetu, na ndiyo maana hesabu hii ina jina lake hadi leo, pamoja na la Mmarekani Frederick Lincoln aliyeitumia kwa mabata mwaka 1930.

Kwa idadi ndogo hesabu hiyo huelekea kuzidisha, hivyo tangu 1951 hutumika pia sahihisho la Chapman, ambalo katika mfano wangu linatoa samaki wapatao 2,758 badala ya 3,000.

Lakini tazameni jambo moja, na ndilo ninaloomba kila mvuvi alisome mara mbili. Tuseme wale 10 walivuliwa kweli, lakini watano wakaishia mikononi mwa watu waliotupa alama zao. Mtafiti anaona 5 tu. Hesabu yake sasa inasema bwawa lina samaki 6,000. Samaki hawajaongezeka hata mmoja. Kilichoongezeka ni ukimya wetu, na ukimya huo umeandikwa kwenye daftari kama utajiri wa bahari.

#4 Nahodha Mstaafu
Nimefanya kazi baharini miaka mingi na ninakubaliana na namba 2 kwa sehemu tu. Umbali ni kweli, lakini hofu nayo ilikuwapo. Wavuvi waliamini kwamba ile plastiki ina chombo ndani yake kinachoonyesha mashua ilipo, na kwamba ukiipeleka utaulizwa leseni, utaulizwa nyavu zako zina macho ya inchi ngapi, na mwisho utaambiwa eneo lako la kuvulia limefungwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka alama kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaandikiwa jina langu kwenye karatasi, nikaahidiwa zawadi, na sikusikia neno tena. Mwaka uliofuata kijana wangu wa chomboni alipopata nyingine, sikuwa na la kumwambia.

#5 Mjukuu wa Jibondo
Shikamoo nahodha. Jambo la hofu ninalithibitisha. Ila kwa faida ya wasomaji, alama zile za manjano hazikuwa na chombo chochote. Ni kipande chembamba cha plastiki kinachokaribia urefu wa kiganja, kina kishale mwishoni kinachojishika kwenye mifupa midogo iliyo chini ya mapezi, na juu yake kuna namba na anwani. Samaki wachache tu ndio waliotiwa vyombo vya kielektroniki vya kuhifadhi kumbukumbu za kina na joto, na hata hivyo vilikuwa havirushi habari yoyote hewani: lazima samaki avuliwe na chombo kipatikane ndipo kisomwe.

#6 Msukuma wa Ziwani
Ndugu zangu wa pwani, nyinyi mna bahari nzima na bado hamjui ina samaki wangapi! Sisi huku Mwanza tunahesabiwa dagaa wetu kila mara. Je, dagaa nao wanawekewa alama?

#7 Hesabu za Pwani
Mtani wangu wa ziwani, dagaa wako hana hata nafasi ya kuchomekwa kishale. Ungemuua kabla ya kumwachia. Ziwa Viktoria hupimwa kwa mawimbi ya sauti yanayotumwa kutoka chomboni na kurudi yakigonga samaki, pamoja na takwimu za mavuno kwenye mialo. Alama zinafaa kwa samaki anayestahimili kushikwa, mkubwa kiasi, na anayevuliwa na watu wengi baadaye. Jodari anafaa, ingawa naye ni mgumu: akikaa nje ya maji kwa muda mrefu anakufa. Ndiyo maana mradi ulikodi meli za uvuvi wa fito kutoka Hispania. Zinarusha chambo hai, jodari wanapanda juu kwa fujo, kila mmoja anatolewa kwa ndoana isiyo na ule mwiba wa kuzuia samaki asichomoke, analazwa kitandani penye utando laini, anapimwa urefu, anachomwa alama na kurudishwa, yote kwa sekunde chache.

#8 Bibi Nyuzi
Sekunde hizo chache ndizo zinazonitia wasiwasi. Mimi si mtaalamu wa samaki, nimesomea takwimu, lakini najua kwamba matokeo ya kazi hiyo yalichambuliwa baadaye kwa kuangalia nani aliyeshika mkono, na ilionekana kwamba samaki wa waweka alama fulani walirudi kwa wingi kuliko wa wenzao. Maana yake mkono mzito unaua, au kishale hakikukaa vizuri. Basi huenda baadhi ya samaki ambao namba 1 anawaulizia hawakuvuliwa na yeyote, wala Mtanzania wala Mhispania. Walikufa siku ileile au alama ilichomoka.

#9 Mwana wa Songosongo
Dada, hilo haliwezi kujibu swali. Ikiwa samaki wamekufa au alama imechomoka, hasara hiyo inawapata Ushelisheli na sisi kwa kiwango kilekile. Swali ni tofauti iliyopo kati yetu na wao.

#10 Bibi Nyuzi
Nakubali, sababu yangu inaeleza upungufu wa jumla, haielezi upungufu wa Tanzania peke yake. Hata hivyo nisiache jambo la nyuzi mbili alizoziona mjomba wa namba 1, maana nimeona mtu amemwandikia pembeni kwamba mzee anatia chumvi. Mzee hakutia chumvi. Sehemu ya jodari walichomekwa alama mbili kwa makusudi, moja kila upande wa mgongo. Samaki wa namna hiyo akirudi na moja tu, unajua kwamba nyingine imechomoka, na ukikusanya samaki wengi wa aina hiyo unaweza kukadiria ni alama ngapi kwa mia zinaanguka kwa mwaka. Kwa hiyo mjomba alikuwa ameshika samaki mwenye thamani kuliko wengine.

#11 Mchuuzi wa Feri
Ahsante sana dada. Nitamfikishia maneno hayo, atafurahi, kwa sababu miaka yote amekuwa akiitwa mwongo.

#12 Sulisuli wa Watamu
Hodi kutoka Kenya. Huku kwetu kuna kazi ya aina hiihii kwa samaki mnaowaita nduwaro, ambao sisi twawaita sulisuli. Shirika la African Billfish Foundation limekuwa likifanya hivyo tangu 1990 kwa kushirikiana na boti za uvuvi wa burudani: mgeni anavua, baharia anachoma alama, samaki anaachiwa. Nimekuwa baharia wa boti kama hizo, na nawaambia kwamba samaki wanaorudi ni wachache mno ukilinganisha na jodari, wala hakuna anayewashuku wavuvi kwa sababu hiyo. Sulisuli hawavuliwi kwa makundi makubwa kama jodari. Meli ya nyavu za kuzungushia inafunga kundi zima kwa mara moja, na ndani ya kundi hilo mna alama kadhaa. Mvuvi wa mshipi anapata samaki mmoja mmoja. Nadhani jibu la namba 1 liko katika wingi wa samaki wanaopita mbele ya macho ya mtu, si katika tabia za watu.

#13 Nahodha Mstaafu
Hoja nzuri, baharia mwenzangu. Lakini kwa kuwa wamevua wengi, hata macho yao yangeweza kupitwa na alama nyingi. Samaki wanaingia chini kwenye maji ya chumvi yenye baridi kali tani kwa tani. Nani anayetazama mgongo wa kila mmoja?

#14 Hesabu za Pwani
Nahodha amegusa kitu ambacho watafiti walikihangaikia. Waliwapa watu wachache wanaoaminika katika meli hizo alama za ziada, wazichome kwa siri kwenye samaki ambao tayari wamevuliwa na wamekufa, kabla hawajaingizwa ghalani. Kisha ikasubiriwa kuona ni ngapi kati ya alama hizo za siri zitagunduliwa na wapakuaji bandarini au wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika. Kwa njia hiyo ilijulikana macho ya Victoria yanakamata kiasi gani, na hesabu ikarekebishwa.

Hapa ndipo ninapoona chanzo cha tatizo letu, na ninatofautiana na namba 2, 4 na 12 kwa pamoja. Ushelisheli palikuwa na kituo kimoja kikubwa ambako samaki wengi wa bahari yote hushushwa, pamoja na timu iliyokaa hapohapo kupokea alama na kutoa zawadi. Kwetu samaki hushushwa kwenye madiko mengi, kuanzia Moa hadi Msimbati, na kila diko lina dalali wake na mnada wake. Hata kama wavuvi wetu wangevua alama nyingi na wangekuwa na moyo safi, ni nani alikuwa amesimama pale asubuhi kuzipokea? Na kwa kuwa hakuna aliyepima uwezekano wa alama kuripotiwa kutoka kwenye mashua zetu kwa njia ile ya siri, hatuna msingi wa kusema tulificha, wala wa kusema hatukuvua.

#15 Mjukuu wa Jibondo
Naomba nilete mfano wa nyumbani unaonifanya nisiamini haraka kwamba samaki waliondoka. Hapa Mafia tuna papa potwe wanaoonekana mbele ya Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari. Kwa miaka mingi wageni na hata sisi wenyewe tuliamini kwamba msimu ukiisha wanasafiri mbali. Kuanzia 2012 watafiti waliwawekea baadhi yao vifaa vinavyotoa sauti, na vipokezi vikafungwa chini ya maji kuzunguka eneo hilo. Matokeo yalipotoka ilionekana kwamba wengi wapo hapahapa mwaka mzima; wanashuka chini zaidi na kusogea nje kidogo, hivyo jicho la mtu juu ya maji haliwaoni. Tena potwe hahitaji hata kuchomwa: madoa ya ubavuni mwake ni kama alama ya kidole, na picha zake hulinganishwa kwa programu iliyotokana na mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha makundi ya nyota.

Basi kama tulikosea kwa mnyama mwenye ukubwa wa basi dogo anayeogelea mbele ya gati, tutakuwaje na uhakika juu ya jodari?

#16 Mwana wa Songosongo
Ndugu yangu wa Jibondo, potwe na jodari si watu wa kabila moja. Jodari hatulii. Akiacha kuogelea anakosa pumzi, na alama zenyewe zimeonyesha samaki walioachiwa kwetu wakivuliwa mamia ya maili kaskazini na mashariki ndani ya miezi michache. Mkondo wa pwani wakati wa kusi unakwenda kaskazini kwa nguvu. Sisi wenyewe tunaujua kwa mawimbi yanayovunja makasia. Chakula cha jodari nacho kinakwenda huko, kwenye maji yanayochemka ng'ambo ya Somalia.

#17 Bibi Nyuzi
Na hapo kuna utata ambao haujatulia mpaka leo. Hesabu ya namba 3 inataka samaki wenye alama wachanganyike na wengine wote kabla ya kuvuliwa tena. Lakini wengi waliachiwa katika eneo dogo la bahari yetu. Ikiwa walitoka kwa pamoja kama msafara na kukutana na meli njiani, basi meli hizo ziliona alama nyingi kuliko ilivyostahili, na hesabu itasema samaki wa bahari nzima ni wachache kuliko walivyo. Ikiwa meli hazikupita njia yao, kinyume chake kinatokea. Wataalamu huacha kuhesabu alama zilizorudi mapema mno baada ya samaki kuachiwa, ili kuwapa muda wa kuchanganyika, lakini muda huo uwe miezi mingapi ndilo jambo linalobishaniwa. Alama hizi bado zimo katika tathmini za jodari wa mapezi ya manjano, na mwaka 2015 tathmini ilisema wanavuliwa kupita kiasi. Watu wanapobishana mezani kuhusu nani apunguze mavuno, wanabishana pia juu ya samaki walioachiwa mbele ya Mafia na Kilwa.

#18 Msukuma wa Ziwani
Nimeuliza dagaa nikapata elimu ya jodari, nashukuru. Swali dogo: tunasema jodari, lakini namba 1 amehesabu samaki 168,000. Hao wote ni wa aina moja?

#19 Nahodha Mstaafu
Swali dogo lenye mzizi mrefu, mtani. Walikuwa aina tatu: karibu nusu yao ni wale wadogo wenye mistari tumboni, ambao wengi wetu tunawaita sehewa, waliosalia ni jodari wa mapezi ya manjano na jodari wa macho makubwa. Lakini kuna madiko ambako jina sehewa hupewa pia samaki mwingine mwenye michirizi mgongoni, anayekaa karibu na pwani na ambaye si huyo kabisa. Sasa fikiria mvuvi anapeleka alama bila samaki na kuandikiwa "sehewa". Bahati nzuri namba ya alama yenyewe inaonyesha aina aliyoandikiwa siku ya kuachiwa, vinginevyo madaftari yangejaa makosa yetu ya majina.

#20 Mchuuzi wa Feri
Nimerudi na habari. Nilimpigia mjomba nikamsomea namba 10 yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuzitupa zote mbili. Moja aliifungia funguo ya sanduku la mashine, na ipo mpaka leo. Shangazi amenitumia picha. Rangi imefifia na namba za mwisho mbili zimesuguliwa, lakini herufi za mwanzo na tarakimu nyingine zinasomeka. Je, ina faida yoyote sasa, au ni ukumbusho tu?

#21 Hesabu za Pwani
Ina faida ikiwa mambo matatu yatapatikana: namba, mahali na tarehe. Tarakimu mbili zikikosekana zinabaki alama zisizozidi 100 zinazowezekana, na kwa kuwa samaki yule alikuwa na mbili, bila shaka namba hizo zingeandikwa pamoja siku ya kuachiwa, hivyo wenye daftari wanaweza kuwapunguza wengi. Mahali mjomba anapajua. Muulize tarehe, na kama alikumbuka kupima urefu wa samaki, hata kwa shubiri, hiyo ni hazina: urefu wa siku ya kuachiwa na urefu wa siku ya kuvuliwa ndivyo vilivyoonyesha kwamba jodari wa mapezi ya manjano hukua polepole akiwa mdogo, kisha akifika kiasi cha sentimita 60 au 70 huongeza kasi.

#22 Mchuuzi wa Feri
Urefu anasema ulikuwa kutoka kiganjani hadi begani mwake, nitampima mkono nikienda. Tarehe anakumbuka ilikuwa siku ya pili ya Idi, kwa sababu wenzake wengi hawakutaka kwenda baharini.

#23 Mjukuu wa Jibondo
Idi ipi? Mwaka 2006 ulikuwa wa ajabu: Idi el-Fitri iliangukia karibu na tarehe 24 Oktoba, lakini Idi el-Hajj zilikuwa mbili, moja karibu na tarehe 10 Januari na nyingine siku za mwisho kabisa za Desemba.

#24 Nahodha Mstaafu
Muulize upepo. Januari na Desemba zote ni kaskazi, huwezi kuzitenganisha kwa hilo, lakini Oktoba mwishoni ni matlai. Akisema maji yalikuwa kama mafuta ndani ya sahani, ni Idi el-Fitri. Akisema kaskazi, basi hapo ndipo tarakimu za alama zitakapoamua, kwa kuwa samaki hawezi kuvuliwa kabla ya siku aliyoachiwa.

#25 Mchuuzi wa Feri
Nimeuliza. Anasema walirudi kwa tanga, na shangazi anasikika nyuma akisema hapana, siku ile mlirudi kwa mashine na mafuta yalikwisha mkalala Songosongo. Bado wanabishana. Picha ya alama nitaiweka hapa kesho asubuhi kabla ya mnada.